Gari ya otomatiki inatetemeka ukisimama kwenye D? Usinunue spea kabla ya vipimo hivi



Leo hatuongelei matangazo wala namna ya kupiga picha bidhaa. Leo tunaongelea gari. Najua wengi humu tunauza mtandaoni, lakini mzigo haumfikii mteja kwa mtandao. Unamfikia kwa bodaboda, kwa basi, au kwa kigari chako cha otomatiki: IST, Vitz, Passo, Raum, Spacio. Hicho kigari ni sehemu ya mtaji. Kikiumwa, biashara nayo inaumwa.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe.

Mimi nauza asali. Oda zinaingia kwenye simu, asali naifuata Sikonge na Urambo kwa wafugaji nyuki, kisha naifungasha hapa Tabora mjini na kuisambaza. Kiangazi kilichopita gari yangu ikaanza vituko. Nikifika kwenye kivuko cha reli, treni inapita, mimi nimekanyaga breki na gia ipo D, usukani unatetemeka, kioo cha ndani kinacheza, mpaka chupa za asali nyuma zinagongana. Nikiweka N, kimya. Nikiondoka, gari laini kabisa kama haijawahi kuwa na shida.

Fundi wa kwanza: "Badilisha plagi." Nikanunua, bado. Fundi wa pili: "Oili ya gia boksi imechoka." Nikamwaga, nikaweka mpya, bado. Fundi wa tatu akasikiliza dakika moja tu: "Gia boksi imekufa hiyo, tafuta nyingine." Hapo nilikuwa nimeshachoma hela ya ndoo nne za asali, na hiyo gia boksi ingemeza mtaji wote uliobaki.

Bahati nikapata mzee mmoja fundi asiye na maneno mengi. Alikaa na gari yangu nusu saa bila kunituma dukani. Alibadilisha gia, akaangalia mshale, akasikiliza ekzosi, akainama. Kumbe raba moja ya kushikilia injini ilikuwa imechanika, na throto ilikuwa imejaa uchafu mpaka mzunguko wa injini ukashuka. Gia boksi ilikuwa nzima.

Posti hii ni vile vipimo vya yule mzee. Karibu vyote havina gharama. Vifanye kabla hujatoa hata shilingi moja ya spea.

KWANZA, ELEWA KWA NINI NI D NA SIO N

Gari ya manyuali ukisimama unakanyaga klachi, injini inaachana na gia boksi. Otomatiki haina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na gia boksi kuna kitu kinaitwa tokikonveta. Chukulia ni feni mbili zinazotazamana ndani ya oili. Injini inazungusha ya kwanza, oili inasukumwa, nayo inaizungusha ya pili, ambayo ndiyo inapeleka nguvu kwenye matairi.

Sasa umesimama, gia ipo D, umekanyaga breki. Feni ya kwanza bado inazunguka na kusukuma oili, lakini ya pili imezuiwa na breki. Maana yake injini inafanya kazi ingawa gari haiendi. Ukiweka N, ile feni ya pili inaachiwa, inazunguka yenyewe, na mzigo unashuka.

Sisi wa Tabora hili tunalielewa haraka. Karne ya 19, kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, mzigo wa kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulipita hapa Unyanyembe vichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mpagazi mmoja alibeba karibu frasila mbili, kama kilo 32 hivi. Mwangalie mpagazi akiwa hana kitu, huwezi kujua kama goti lake lina shida. Mtwishe mzigo, halafu mwambie asimame palepale bila kutembea. Goti bovu litaanza kutetemeka lenyewe.

D ukiwa umesimama ni kuitwisha injini mzigo na kuiambia isimame palepale. N ni kuitua. Kwa hiyo mtetemo kutokea kwenye D peke yake haina maana kwamba gia boksi ndiyo mgonjwa. D imeufichua ugonjwa tu.

Na ugonjwa wenyewe huwa upande mmoja kati ya hizi mbili, au zote mbili kwa pamoja kama ilivyokuwa kwangu:

A. Injini yenyewe haizunguki sawasawa au inazunguka taratibu mno. Hapo mpagazi ndiye ana goti bovu.

B. Injini ni nzima, ila raba zinazoibeba zimechoka, au kuna chuma kinagusa bodi. Mpagazi mzima, ila ngata yake imeisha, kwa hiyo kila hatua inamgonga kichwani.

Kazi yako leo ni kujua uko A au B. Basi.

KITU CHA KAWAIDA USIKIITE UGONJWA

Tofauti ndogo kati ya D na N ipo hata kwenye gari nzima. Usitegemee kimya cha kaburini.

Pia angalia injini yako ina silinda ngapi. Gari ikiunguruma bila kukanyaga mafuta (mafundi wanaita sailensi), injini iliyopata moto kwa kawaida huwa kati ya mizunguko 600 na 800 kwa dakika. Ikiwa kwenye 700, injini ya silinda nne inachoma mafuta kama mara 23 kwa sekunde. Ya silinda tatu inachoma kama mara 17 tu. Mapigo machache, na kila pigo unalisikia zaidi. Ndiyo maana Passo ya sisi 1000 yenye silinda tatu hutikisika zaidi kidogo kuliko IST yenye silinda nne, hata zote zikiwa nzima.

Njia rahisi: tafuta mwenzako mwenye gari kama yako, kaa ndani, weka D, kanyaga breki, sikilizia. Ikiwa zinafanana, funga mjadala, rudi kuuza.

MAANDALIZI (USIRUKE HAPA)

Utaweka gari kwenye gia huku injini inawaka. Gari ikiponyoka inaua. Kwa hiyo:

- Simamisha mahali tambarare, mbele na nyuma pawe wazi. Usiielekeze kwenye ukuta, duka au watu.
- Vuta hendibreki, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya matairi.
- Mtu wa kwenye usukani awe anajua kuendesha, na mguu wake hautoki kwenye breki.
- Anayeangalia injini asimame pembeni. Kamwe asisimame mbele ya gari wala nyuma yake.
- Khanga, ushungi, mikono mirefu ya shati, vyote mbali na mkanda wa injini na feni. Feni ya umeme inaweza kuwaka ghafla yenyewe.
- Endesha kama dakika 15 kwanza ili injini ipate moto. Injini ya baridi huzunguka kwa kasi zaidi na itakudanganya.
- Chukua daftari, lile lile la oda. Andika kila unachokiona.

KIPIMO CHA 1: PITIA GIA ZOTE

AC imezimwa, taa zimezimwa, redio imezimwa. Mguu kwenye breki. Weka P, hesabu mpaka kumi. Weka R, hesabu kumi. Weka N, hesabu kumi. Weka D, hesabu kumi. Kwa kila gia andika vitu viwili: mshale wa RPM umesoma ngapi, na mtetemo ni wa kiasi gani (hakuna, kidogo, mkubwa).

Jinsi ya kusoma majibu:

- Inatetemeka gia zote, hata N na P: uko upande A. Injini yenyewe ina shida, na D inaizidisha tu.
- Inatetemeka D na R, lakini N na P ni shwari: inaweza kuwa A au B. Endelea na vipimo.
- D inatetemeka sana, R kidogo (au kinyume chake): shuku raba. Ukiingiza D injini inajipinda upande mmoja, ukiingiza R inajipinda upande wa pili. Raba iliyochanika upande mmoja italalamika zaidi kwenye gia inayoivuta upande huo.
- Ukisimama hakuna shida ila ukienda kasi ndiyo inatetemeka: hii siyo posti yako. Anza na matairi na balansi.
- Inatetemeka pale unapokanyaga breki ukiwa kwenye mwendo: angalia diski za breki.

KIPIMO CHA 2: MSHALE NA EKZOSI

Gari ikiwa D na breki imekanyagwa, angalia mshale wa RPM kwa dakika nzima. Wakati huohuo mtu mwingine asikilize ekzosi akiwa pembeni ya gari, siyo nyuma yake.

- Mshale umetulia kwenye kiwango cha kawaida, ekzosi inapumua sawasawa, lakini usukani unatetemeka: elekea B, raba.
- Mshale umetulia lakini chini sana, mfano 500 au pungufu: sailensi imeshuka. Uko A, na mara nyingi ni hewa: throto chafu.
- Mshale unacheza juu na chini: mchanganyiko wa hewa na mafuta hauko sawa. Inaweza kuwa mpira wa hewa unaovujisha, sensa chafu, au throto.
- Ekzosi inapiga "pu-pu-pu-pa, pu-pu-pu-pa", kuna pigo linakosekana: injini inamisi. Silinda moja haifanyi kazi vizuri. Plagi, koili au nozeli.

Gari isiyo na mshale wa RPM usijali. Masikio na kiti vinatosha kwa kuanzia, na mashine ya kupimia itakuonyesha namba.

KIPIMO CHA 3: WASHA AC

Ukiwa bado D, washa AC. Kwenye gari nyingi za mfumo wa kompyuta, injini inapandisha mzunguko kidogo ili ibebe mzigo wa AC.

- Mzunguko umepanda na mtetemo umepungua: sailensi yako ilikuwa chini mno, au raba zinavumilia mzunguko wa juu tu. Rudi kwenye namba uliyoandika kipimo cha 2. Ilikuwa chini? Safisha throto kwanza. Ilikuwa ya kawaida? Nenda kwenye raba.
- Mzunguko umeshuka na gari karibu izime: injini inashindwa kujiinua. Uko A.

Onyo: wengine hupenda kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja kwenye D "ili kupima gia boksi". Usifanye. Oili ya gia boksi inapata moto haraka sana, unaweza kutengeneza ugonjwa ambao hukuwa nao.

KIPIMO CHA 4: TAZAMA INJINI IKIJIPINDA

Fungua boneti. Mtu ndani na breki imara, wewe pembeni. Mwambie atoke N aingie D, arudi N, aingie R, taratibu. Asikanyage mafuta.

Injini nzima hujipinda kidogo halafu inatulia. Ikiruka kama inataka kutoka, au ukasikia "gudum" kila inapoingia gia, raba haishikilii tena.

Zima gari. Sasa tazama zile raba zenyewe, mafundi wanaziita mauntingi. Kwa kawaida ni tatu au nne, zinashika injini na gia boksi kwenye bodi. Mulika na tochi ya simu. Unatafuta: raba iliyopasuka, raba iliyoachana na chuma chake, chuma kilichokaa juu ya chuma kwa sababu raba imebonyea, na michirizi myeusi ya mafuta inayotoka ndani ya mauntingi. Baadhi ya mauntingi zina kimiminika ndani, kikivuja kazi yake imekwisha. Ya nyuma, iliyojificha kati ya injini na ukuta wa kabati, ndiyo wengi hawaiangalii. Yangu iliyochanika ilikuwa hiyo hiyo.

KIPIMO CHA 5: KUNA KITU KINAGUSA?

Hiki ni kwa ajili yetu tunaotoka kwenye lami na kuingia vijijini kufuata mzigo. Jiwe likipiga chini, bomba la ekzosi linasogea na kugusa bodi, bati la kuzuia joto linalegea, au ile sahani ya kukinga sampu inabaki na boliti mbili. Ukisimama D inalia "drrrrr" na wewe unafikiri ni injini.

Zima gari, subiri ekzosi ipoe kabisa, kisha litikise bomba kwa mkono. Raba zake za kuning'inizia zipo zote? Kuna sehemu inayong'aa kwa kusuguliwa? Waya na boliti moja vinaweza kumaliza tatizo.

KIPIMO CHA 6: MASHINE, NA UJANJA WA KUHAMISHA KOILI

Kama vipimo vimekupeleka A, sasa lipia kupimwa kwa mashine. Hapa hela ina kazi. Mwombe fundi akuonyeshe namba zilizotokea, usikubali tu kuambiwa "imeleta injini". Ziandike:

- P0300: injini inamisi, silinda zaidi ya moja.
- P0301, P0302, P0303, P0304: inamisi silinda namba 1, 2, 3 au 4.
- P0171: hewa nyingi, mafuta machache. Tafuta mpira wa hewa unaovuja, sensa ya hewa chafu, au mafuta hayafiki vizuri.
- P0506: sailensi iko chini kuliko inavyotakiwa. Throto.

Ukipata mfano P0301, usikimbilie kununua koili. Gari nyingi ndogo za Toyota zina koili moja juu ya kila plagi. Zima gari, hamisha koili ya silinda 1 uiweke ya 2, na ya 2 iende 1. Futa namba, endesha, pima tena. Ikigeuka P0302, koili ndiyo mbaya, maana shida imehama nayo. Ikibaki P0301, koili haina kosa. Hamisha plagi kwa njia hiyohiyo. Bado 1? Sasa ndiyo uanze kuongelea nozeli na mgandamizo wa silinda. Umepima koili bila kununua koili.

Fahamu pia kwamba baadhi ya gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya mwanzo ya 2000 hazisomeki vizuri kwa vile vifaa vidogo vya bei rahisi vya kuunganisha na simu. Kifaa kikikataa kusoma haina maana gari ni nzima. Tafuta fundi mwenye mashine kamili.

Na taa ya injini kwenye dashibodi ikiwa inawakawaka (inakonyeza), simama kuendesha umbali mrefu. Injini inayomisi inatupa mafuta yasiyoungua kwenye ekzosi, yanaenda kuunguza masega. Siyo masega ya asali haya, haya ukiyaunguza hayaliki na bei yake inauma.

SASA TENGENEZA, UKIANZA NA KISICHO NA GHARAMA

Upande A, fuata mpangilio huu:

1. Chujio la hewa, yaani ekilina. Vumbi letu la kiangazi linaliziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Lichomoe, litazame kwenye mwanga. Limeziba? Badilisha.

2. Mipira ya hewa. Injini ikiwa inaunguruma, sikiliza mlio wa "ssss" karibu na injini. Mpira uliopasuka au kutoka kwenye kichwa chake unaingiza hewa ambayo kompyuta haijaihesabu.

3. Safisha throto kwa dawa yake maalumu na kitambaa laini, gari imezimwa. Kwenye throto ya umeme usisukume kile kisahani kwa bisibisi. Baada ya kusafisha, au baada ya kuchomoa betri, sailensi inaweza kuwa ya ajabu mpaka kompyuta ijifunze upya, na baadhi ya gari zinahitaji fundi kuiseti. Kama mtetemo ulianza siku uliyobadilisha betri, anzia hapa.

4. Sensa ya hewa inasafishwa kwa dawa yake tu. Siyo petroli, siyo kitambaa. Waya wake ni mwembamba sana.

5. Mafuta. Tatizo limeanza siku uliyojaza petroli ya kidumu njiani? Maji au uchafu kwenye mafuta unafanya injini imisi. Mwambie fundi, ni taarifa muhimu.

6. Plagi, koili, nozeli: kwa ushahidi wa kipimo cha 6 tu.

Upande B: badilisha ile mauntingi iliyothibitika imekufa. Ila ujue, moja ikifa muda mrefu zingine zimebeba kazi yake. Zikague zote kabla hujafunga.

LINI USHUKU GIA BOKSI?

Ipo siku itakuwa yenyewe, sikatai. Lakini ina dalili zake: unaweka D, inachelewa sekunde kadhaa halafu inaingia kwa kishindo. Inateleza, injini inapiga kelele na gari haiendi. Au kila ukisimama injini inajikunja na kuzima kama gari ya manyuali ambayo hukukanyaga klachi. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa tokikonveta haiachii.

Bila dalili hizi, kuuziwa gia boksi kwa sababu ya mtetemo wa kwenye D ni kununua nyumba kwa sababu mlango umelegea. Na hata ukibadilisha oili yake, weka aina iliyoandikwa kwa gari yako. Oili ya CVT na ya otomatiki ya kawaida hazibadilishani.

KWENU MNAOUZA SPEA MTANDAONI

Najua mpo wengi humu. Mteja anakuandikia, "Una mauntingi ya IST?" Ukituma bila kuuliza, umeuza mara moja. Ukiuliza, umepata mteja wa kudumu. Uliza haya:

- Namba ya chesisi, siyo jina tu. IST ya NCP60 ina injini ya sisi 1300, ya NCP61 ina sisi 1500. Hakikisha spea kwa chesisi na kwa picha ya ile ya zamani.
- Mauntingi ipi? Kulia, kushoto, mbele, nyuma? Akisema "yoyote", bado hajapima. Mtumie posti hii kwanza.
- Inatetemeka gia gani? Kama hata N inatetemeka, mwambie ukweli kwamba mauntingi peke yake huenda isimsaidie.

Najua inauma kumwambia mteja mwenye hela mkononi asubiri. Lakini akinunua, akafunga, tatizo likabaki, atasema ulimuuzia fake. Kwenye mji kama wetu, neno hilo linafika Ipuli na Isevya kabla bodaboda haijarudi.

Na ukiuza mauntingi ya used, kumbuka raba inazeeka hata ikiwa imekaa stoo. Piga picha ya raba kwa karibu, iminye kwenye video mteja aone kama ina nyufa. Usipige picha ya chuma tu.

WAKATI UNASUBIRI KUTENGENEZA

Ukisimama muda mrefu, kama kwenye kivuko cha reli, weka N na ushikilie breki. Injini inatuliwa mzigo, mtetemo unapungua. Hiyo ni ganzi tu, siyo dawa. Raba iliyochanika inaendelea kuchanika, na injini inayomisi inaendelea kula mafuta na masega. Na usiweke N gari ikiwa inateremka mlima.

Bidhaa za chupa zifungie vizuri, weka maboksi chini na katoni katikati. Mimi mtetemo ule ulinilegezea vifuniko vitatu, na asali ikimwagika kwenye buti utaisikia harufu mpaka mwakani.

HESABU YA MWISHO

Nilipofika nyumbani siku ile nilifungua daftari. Plagi, oili, hela ya mafundi wawili, siku tano bila kusambaza, na wateja wawili waliohamia kwa mwingine. Halafu mstari wa chini: mauntingi moja na dawa ya kusafisha throto. Mstari wa chini ulikuwa mdogo kuliko ile ya plagi peke yake. Vyote vya juu yake nilivilipia kwa sababu sikupima.

Plagi mpya hazikuwa mbaya, na mafundi wale hawakuwa wezi. Walibahatisha, na mimi nikalipia kubahatisha kwao. Kuanzia siku hiyo fundi akiniambia "badilisha hiki", namuuliza swali moja kwa heshima: "Fundi, tumejuaje kwamba ni hiki?" Mwenye jibu, namlipa bila kuomba punguzo. Asiye na jibu, namshukuru, nawasha gari naondoka.

Hifadhi posti hii, mtumie dereva wako na mwenzako mwenye gari ya otomatiki. Na wewe uliyewahi kubadilishiwa gia boksi kumbe ni mauntingi, tuambie ilikuwaje, uokoe mtaji wa mwenzako.

Biashara njema.